Kabla ya Kusaini, Fuata Waya

Mnunuzi wa nyumba mjini Hopkins hukagua paa, hufungua mabomba, hushuka chumba cha chini kunusa unyevu, na huuliza mtambo wa kupasha joto una umri gani. Kisanduku cha kijivu kilichopigiliwa ukuta wa nje, aghalabu karibu na mita ya umeme, hupitwa tu kama hakipo. Humo ndimo waya wa simu unamoingilia nyumbani. Kando yake huenda pana cha pili, cha kebo ya televisheni. Wenye bahati wana cha tatu, kidogo, kinachopokea uzi wa faiba usiozidi unene wa ncha ya kalamu. Nani ataweza kufanya kazi akiwa nyumbani na nani atahangaika kutafuta meza maktabani, jibu liko hapo ukutani.

Hopkins si kijijini. Ni mji wa watu wapatao 19,000 magharibi ya Minneapolis, jimbo la Minnesota, unaojulikana kwa tamasha lake la rasiberi kila Julai, na reli ya Green Line inarefushwa kupita humo. Mgeni aliyetoka Nairobi au Dar es Salaam, kwa mtazamo huo, hudhani intaneti huku ni kama maji: nyumba ikiwepo, nayo ipo. Kwa kiasi kikubwa hakosei. Shida ni kwamba neno “ipo” lina maana nyingi, na kila kampuni huchagua inayoifaa.

Mwaka 2015 mtaalamu mmoja wa programu alinunua nyumba katika kaunti ya Kitsap, jimbo la Washington. Kabla ya kununua aliuliza kampuni ya kebo, akaambiwa huduma ipo. Alipohamia akaambiwa haipo, na kwamba kuufikisha waya kwake kungegharimu maelfu mengi ya dola. Kwa kuwa mkate wake ulitegemea intaneti, aliamua kuiuza nyumba aliyokuwa ndiyo kwanza ameingia. Magazeti ya teknolojia yaliandika sana habari hiyo, kwa sababu hakuwa mzembe: aliuliza, akajibiwa, na jibu lilikuwa la uongo.

Ramani za serikali za wakati huo nazo zilikuwa na kasoro yake. Tume ya Mawasiliano ya Marekani, FCC, ilihesabu kwa vipande vya sensa. Nyumba moja ikiweza kuunganishwa, kipande kizima kilipakwa rangi ya neema. Tangu Novemba 2022 ipo ramani mpya inayoonyesha nyumba moja moja. Andika anwani na utaona kampuni zinazodai kufika hapo, kwa teknolojia gani na kasi gani. Neno la kushika ni hilo “zinazodai”, maana taarifa hutoka kwa kampuni zenyewe mara mbili kwa mwaka. Kampuni inaruhusiwa kuihesabu nyumba hata kama haijaunganishwa, mradi iweze kuiunganisha ndani ya siku 10 za kazi kwa utaratibu wa kawaida. Mwananchi anaweza kuipinga taarifa hiyo, na kampuni hupewa siku 60 kujibu. Siku 60! Kwa mwenye miadi ya kusaini mkopo mwezi ujao, huo ni muda wa kuhamia na kujuta.

Kwa hiyo ramani ni mwanzo tu. Hatua ya pili ni kuweka anwani hiyohiyo kwenye tovuti ya kila kampuni, kisha kuomba jibu kwa maandishi: nyumba namba fulani, teknolojia fulani, kasi ya kupakua na ya kupakia. Na aulizwe muuzaji pia. Bili yake ya mwezi uliopita husema mengi kuliko kijikaratasi cha dalali.

Teknolojia ndiyo kiini cha mambo. Waya wa shaba wa simu katika eneo hili umepita mikono mingi: Northwestern Bell, kisha US West, kisha Qwest mwaka 2000, kisha CenturyLink mwaka 2011, ambayo sasa iko chini ya jina la Lumen. Mwaka 2025 AT&T ilitangaza kununua biashara ya Lumen ya faiba ya majumbani kwa dola bilioni 5.75. Shaba haikuwemo kwenye mauzo. Asiyetaka shaba huenda alikuwa na sababu.

Shaba huchoka kwa umbali. Mtindo wa ADSL2+ unaweza kutoa megabiti 24 kwa sekunde karibu na mtambo wa simu. Ukifika kilomita nne au tano, zinabaki chache mno. Umbali huo hupimwa kwa njia ya waya, unaozunguka mitaa na kupanda nguzo, hivyo jirani wa ng'ambo ya barabara anaweza kuwa na laini nzuri kuliko ya kwako. Mwaka 2024 FCC ilipandisha kiwango cha kuitwa intaneti ya kasi hadi megabiti 100 za kupakua na 20 za kupakia. Shaba ndefu haikaribii hapo.

Kebo hufika, lakini nayo ina siri zake. Chukua mkalimani wa Kiswahili anayehudumia hospitali kwa video akiwa nyumbani. Kasi ya kupakua inayotajwa kwa herufi kubwa kwenye tangazo haimhusu sana. Sura na sauti yake huenda kwa njia ya kupakia, ambayo kwenye kebo mara nyingi ni sehemu ndogo tu. Daktari akiona midomo inakwama katikati ya sentensi kuhusu dozi ya insulini, hapo hakuna mkalimani.

Ubora wa laini hupimika siku ileile ya kuitazama nyumba, muuzaji akikubali. Kompyuta ichomekwe kwenye modemu kwa waya, si kwa Wi-Fi, na jaribio lifanywe jioni, majirani wote wakiwa kwenye filamu zao. Kisha ifunguliwe kwenye kivinjari anwani ya 192.168.100.1, ambapo modemu nyingi za kebo huonyesha afya yake. Nguvu ya mawimbi yanayoingia itafutwe karibu na sifuri, kati ya -7 na +7. Uwiano wa mawimbi na kelele uwe juu ya desibeli 33. Namba zikiwa mbaya, mnunuzi ashuke tena chumba cha chini. Mara nyingi atakuta kigawanyio cha zamani kilichofungwa enzi za televisheni tatu, na kila kigawanyio cha njia mbili hula desibeli 3.5 hivi, yaani zaidi ya nusu ya nguvu. Hilo ni tatizo la dola chache. Kebo iliyooza chini ya bustani ni habari nyingine.

Anayenunua fleti asome mkataba wa jumuiya ya wamiliki kwanza. Mwaka 2022 FCC ilipiga marufuku baadhi ya mikataba iliyowafungia wapangaji kampuni moja, lakini jengo bado linaweza kununua huduma kwa jumla na kuigawa kwenye ada ya mwezi, utake usitake.

Halafu kuna baridi. Minnesota haichimbiki kirahisi Januari, na kampuni huweza kulaza kebo ya muda juu ya theluji hadi udongo ulainike. Anayetembelea mtaa wakati wa kiangazi atazame chini: rangi ya chungwa na vibendera vya rangi hiyo kwenye nyasi ni alama za nyaya za mawasiliano, huwekwa kabla ya kuchimba baada ya mtu kupiga 811. Vikipangwa nyumba hadi nyumba, pengine faiba inakuja. Abishe hodi kwa jirani aulize ni ya nani na inafika lini, na kama itavuka hadi upande wa barabara ilipo nyumba anayoitaka.