Kifaransa cha Butembo kina wanunuzi Uganda

Kahawa, kakao na mbao za Butembo na Beni, mashariki mwa Kongo, hupitia mpaka wa Kasindi kwenda Uganda. Njia hiyo hiyo huwapitisha walimu, na mali yao ni Kifaransa. Sekondari za Uganda hufundisha kwa Kiingereza, na shule binafsi zinazogombania wazazi wenye uwezo hutaka lugha ya ziada ya kujinadi nayo. Mwalimu aliyesomea chuo cha ualimu cha ISP Muhangi au Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Graben anayo. Akifika Kasese hata nyumba ya kupanga haimsumbui kuipata, kwa sababu Kinande chake na Lukonzo cha wenyeji ni ndugu.

Kinachomwondoa ni mshahara. Tangu miaka ya 1990 wazazi wa Kongo ndio waliombeba mwalimu kwa prime, yaani mchango wao wa mshahara. Septemba 2019 shule za msingi za umma zikawa bure, prime ikafutwa. Aliyeandikwa kwenye orodha ya malipo ya serikali alibaki na chake. Yule anayeitwa NU, yaani asiye na namba ya malipo ya serikali, alikosa vyote viwili. Huyo ndiye ninayemwelewa kuliko wote anapofunga mzigo. Katika shule binafsi mwalimu hutegemea minervali, yaani ada, na tangu mauaji ya Beni yaanze 2014, familia iliyokimbia shamba lake la kakao italipa minervali kwa pesa gani?

Mwaka wa shule Uganda huanza Februari, wa Kongo Septemba. Anayevuka huacha darasa katikati ya mwaka, na prefe (mkuu wa sekondari) hubaki akitafuta mtu wa kuziba pengo.

Ng'ambo nako si salama kabisa: Juni 2023 waasi wa ADF waliua makumi ya wanafunzi katika shule binafsi ya Lhubiriha, Mpondwe, karibu kabisa na mpaka. Hata pesa hukatika. Uganda ilipofunga shule, kabisa au kwa sehemu, kuanzia Machi 2020 hadi Januari 2022, walimu wengi wa shule binafsi walikaa bila mshahara.

Kongo iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, lakini mwalimu anayeajiriwa kwa neno la mdomo bado yuko mikononi mwa mwenye shule. Sheria ya Kazi ya Uganda ya 2006 inamtaka mwajiri atoe masharti ya kazi kwa maandishi. Mwalimu ayadai kabla ya kuaga prefe wake, na maandishi hayo yaseme miezi ya likizo italipwaje na nani atagharimia kibali cha kazi.