Tuwafunze Wanafunzi Kusema Yaliyo Moyoni

Mficha maradhi kifo humuumbua, walinena wahenga. Methali hii nimeifundisha darasani kwa miaka mingi, nikiieleza kana kwamba yahusu maradhi ya mwili pekee. Mwanafunzi wa kidato cha tatu ndiye aliyenifunza kwamba yapo maradhi ya aina nyingine.

Nilikuwa nimewapa wanafunzi insha kuhusu siku wasiyoweza kuisahau. Kijana huyo aliandika juu ya usiku ambao babake alikata roho, na jinsi alivyorejea shuleni baada ya mazishi bila ya kumwambia mtu yeyote. Nilisahihisha tahajia, nikapigia mstari sarufi iliyokwenda kombo, nikamtunukia alama 13 kati ya 20. Nilipomrudishia daftari alilitazama kwa muda, kisha akaniuliza kwa heshima, "Mwalimu, uliisoma?" Sikuwa na la kumjibu.

Lugha yetu haina upungufu katika jambo hili. Rafiki wa dhati tunamwita mwandani, yaani mtu aliyeruhusiwa kuingia ndani. Amtunziaye mwenzake siri ni msiri. Lakini mtu hawezi kumkaribisha mgeni katika nyumba ambayo yeye mwenyewe haingii. Ndiposa ukaribu na wengine huanza na ukaribu na nafsi: kutambua kwamba hii ni huzuni, na ile si hasira bali ni hofu iliyovaa kanzu ya hasira.

Wazee wetu hawakuliacha suala hili lijiendee. Miongoni mwa Waluo, wasichana walilala katika siwindhe, nyumba ya ajuza aliyeitwa pim, wakafunzwa kwa hadithi na mazungumzo ya usiku yale ambayo mzazi angeona haya kuyatamka. Katika mwambao wa pwani, mwari alikuwa na somo wake wa kumwelekeza. Shule za bweni ziliwachukua watoto kutoka katika nyumba hizo, lakini hazikuwajengea nyumba nyingine.

Serikali ilipiga marufuku kiboko shuleni mwaka 2001, na mzigo wa kuwarekebisha vijana ukawaangukia walimu wa ushauri nasaha. Wengi wao wana vipindi tele vya masomo mengine. Isitoshe, mwanafunzi aonekanaye akiingia ofisini mwao hudhaniwa kuwa na makosa. Mtaala wa umilisi, ulioanza kutekelezwa kote nchini mwaka 2019, unataja mawasiliano na ushirikiano miongoni mwa umilisi wake 7 wa kimsingi. Hayo ni maneno mazuri. Yafaa yatoke karatasini yaingie darasani.

Yupo atakayesema kwamba ukaribu shuleni ni hatari. Hofu yake si ya bure, kwani mwaka 2010 Tume ya Kuajiri Walimu ilitoa waraka wa kuwalinda wanafunzi dhidi ya dhuluma za kimapenzi. Nionavyo mimi, hiyo ndiyo sababu hasa ya kulifunza jambo hili. Mtoto azijuaye hisia zake ndiye atambuaye mapema kwamba mpaka unavukwa, akathubutu kusema hapana na kumwendea mtu anayemwamini. Asiyefunzwa humdhania kila amsogeleaye kuwa mwandani.

Hatuhitaji vitabu vipya wala mtihani. Kipindi kimoja kwa juma chatosha. Wanafunzi wakae wawili wawili; mmoja aseme kwa dakika 5, mwenzake asikilize bila ya kumkatiza wala kumpa shauri, kisha wabadilishane. Kila mmoja awe na daftari la kujiandikia ambalo mwalimu hatalisahihisha. Wavulana wasiachwe nje kwa kisingizio kwamba mwanamume halii. Naye mwalimu awe wa kwanza kukiri alipokosea.

Mimi nilikiri. Jioni ya siku ya pili nilimwita kijana yule, tukaketi chini ya mti kando ya uwanja, mbele ya macho ya wote. Nikamwambia, "Pole sana, mwanangu. Hebu nieleze babako alikuwa mtu wa namna gani." Alizungumza hadi kengele ya chakula cha jioni ikalia. Alama zake zilibaki 13, wala hakuniuliza tena iwapo niliisoma insha yake.

Walimu wenzangu, kabla ya kuishika kalamu nyekundu, tusome kwanza.