Homa Imeshuka, Dawa Bado

Uwe unaishi kambini au umehamia mjini, kwa mfano Industrial Division ya Mbale, jambo hili linakuhusu.

Mtoto amepimwa, ana malaria. Muuguzi amekupa vidonge vya artemeta-lumefantrini. Siku ya pili homa imeshuka, mtoto anacheza. Unafikiri: vidonge hivi vingine nimwekee mdogo wake.

Usifanye hivyo! Homa hushuka kabla vijidudu havijaisha katika damu. Vikisalia, ugonjwa unaweza kurudi. Naye mdogo wake atapata dozi isiyotosha, tena bila kupimwa.

Dozi kamili humezwa mara 6 kwa siku 3. Ya pili hufuata ya kwanza baada ya masaa 8, kisha asubuhi na jioni. Idadi hutegemea uzito: mtoto wa kilo 5 hadi 14, kidonge 1 kila mara, mwenye kilo 35 au zaidi, vidonge 4. Mpe pamoja na maziwa au chakula chenye mafuta, ili dawa iingie vizuri mwilini. Akitapika kabla ya saa moja kupita, rudia dozi hiyo, kisha uende kuomba vidonge vya kufidia.

Mwaka 2021 watafiti walitangaza kwamba kaskazini mwa Uganda kuna vijidudu vinavyochelewa kufa kwa dawa za artemisinini. Tuzitunze dawa hizi.

Kabla ya kuondoka kituoni, mwambie muuguzi jinsi utakavyompa mtoto dawa. Ukikosea, atakusahihisha hapo hapo. Mtoto akishikwa na degedege au akishindwa kunywa, mkimbize hospitali mara moja.