Kazi za Uarabuni na Ada ya Viza

Fedha ya karafuu ikishaingia mkononi, hapakosi mtu wa kuja na habari njema: kijana amepata kazi Oman, mshahara mnono, nyumba na chakula juu ya tajiri. Yatakiwa ada ya viza tu, tena leo hii.

Twapenda wanachama wafahamu kwamba viza ya kazi ya Oman huombwa na tajiri mwenyewe huko huko kwao, si na mwombaji kazi. Basi anayekutaka utume fedha hiyo kwa simu, kwa nambari ya mtu binafsi, anakuuzia gunia usiloruhusiwa kulifungua. Hatari zaidi ni viza ya matembezi. Karatasi yaweza kuwa ya kweli kabisa, lakini mwenye nayo haruhusiwi kufanya kazi, na akidhulumiwa huogopa kwenda kushitaki.

Kwa hiyo kabla mzee hajaweka rehani mikarafuu, amtake wakala aonyeshe leseni, na jina lake aliulizie Kamisheni ya Kazi. Mkataba nao utakiwe mapema, wenye jina la tajiri na kiasi cha mshahara. Wakala akikasirika kwa kuulizwa, mwacheni aende zake.