Salfa ya Udongo, Sumu ya Muhogo na Miguu ya Mtoto



Ukija kliniki tunapima mtoto wako kilo, tunamchanja, halafu unarudi nyumbani kupika. Leo tunataka kuzungumza nawe juu ya chungu chako, maana kuna ugonjwa mmoja unaoanzia pale. Jina lake ni konzo.

Konzo inakuja namna gani? Jioni mama analala mzima, amelima kama siku zote. Asubuhi anataka kusimama, lakini miguu imekuwa migumu, inatetemeka, inakataa. Homa hakuna. Kidonda hakuna. Tangu siku ile anatembea kwa ncha za vidole, au kwa fimbo, na wengine hawatembei tena. Kisha siku zile za kwanza ugonjwa hauzidi, lakini hauondoki pia. Hakuna dawa ya kuuponya. Iko njia ya kuuzuia tu, na njia hiyo iko mikononi mwako.

Munganga Giovanni Trolli aliandika habari zake mwaka wa 1938, kule Kwango. Jina konzo ni la lugha ya Kiyaka, nalo linaonyesha miguu iliyofungwa. Ugonjwa umeonekana Kahemba, umeonekana Kivu ya Kusini, tena Tanzania na Msumbiji. Kule Msumbiji, wakati wa ukame wa mwaka wa 1981, watu zaidi ya 1,000 walipatwa. Wengi wanaopatwa ni wanawake wenye umri wa kuzaa, na watoto waliopita miaka 3. Ndiyo sababu tunakuambia wewe.

Watu wengine husema, "Amerogwa." Mama, usimshitaki jirani wala mama mkwe. Konzo inatoka kwa muhogo mchungu usiotengenezwa vizuri, pamoja na upungufu wa vyakula vya kujenga mwili.

SUMU YA MUHOGO

Muhogo uko na sumu iitwayo sayanidi. Muhogo mchungu unayo nyingi kuliko mtamu, na jua likiwaka bila mvua inazidi. Sumu hiyo imefungwa ndani ya muhogo kama mtu aliyefungiwa nyumba. Lakini Mungu ameweka ufunguo ndani ya muhogo uleule. Ufunguo huo unaitwa enzimu. Enzimu ni mfanyakazi mdogo sana, hatumwoni kwa macho. Kazi yake ni kukata kitu kimoja au kuunga kingine. Ukiloweka muhogo mpaka ulainike, enzimu inakutana na sumu, inaifungua, nayo inatoka katika maji na katika hewa. Ukiuanika vizuri juani, nyingine inatoka tena.

Lakini kazi hiyo inataka siku. Ukiloweka siku moja tu, sumu inabaki ndani ya unga. Najua sababu: njaa iko nyumbani, au mchuuzi amesimama mlangoni na feza mkononi. Lakini siku 2 unazopunguza, mtoto wako anaweza kuzilipa kwa miguu yake maisha yote.

KAZI YA SALFA

Sumu kidogo inayobaki, mwili unajua kuishinda. Iko enzimu nyingine mwilini mwetu inayochukua salfa na kuiunga na ile sayanidi. Sumu inakuwa kitu kisicho kikali, na inatoka na mkojo.

Salfa ni nini? Ni kile kiberiti unachosikia habari zake kanisani, moto na kiberiti. Usiogope; iko pia ndani ya chakula, na bila yake hatuishi. Tunaipata katika samaki, ndagala, mayai, nyama, viwavi, kumbikumbi, maharagi na karanga. Mtu anayekula bugali wa muhogo asubuhi na jioni, na sombe peke yake, mwili wake unakosa salfa ya kutosha. Sumu inapita, inapiga mishipa inayoongoza miguu.

TUANZIE SHAMBANI

Na maharagi yanapata wapi salfa? Katika udongo. Lakini salfa nyingi ya udongo imefungwa ndani ya majani yaliyooza na samadi. Mizizi haiwezi kuila hivyo. Vijidudu vya udongo vinatoa enzimu iitwayo sulfatasi. Inaikata ile salfa, inaiachilia katika maji, na mizizi inakunywa. Ukichoma majani yote ya shamba, sehemu ya salfa inakwenda na moshi, na vijidudu vinakosa chakula. Basi majani uyafukie, na samadi ya mbuzi usiitupe.

Hata mwilini mwetu sulfatasi ziko, za namna nyingi. Mara chache sana mtoto anazaliwa akikosa moja. Anaanza kutembea vizuri, halafu polepole anaanguka-anguka, anasahau maneno aliyojua. Huo si konzo, maana konzo inapiga mara moja. Ule mwingine mtoto anaurithi kwa baba na mama wote wawili, nao wenyewe wazima. Si uchawi, wala si kosa la mama. Mtoto wa namna hiyo, au yeyote anayeacha kutembea, umlete kwetu upesi.

FANYA HIVI

1. Menya muhogo mchungu, uloweke siku 3 kamili au zaidi, mpaka ulainike. Halafu uanike juani mpaka ukauke kabisa.

2. Kama huna hakika na unga, hasa ule wa soko, tumia maji. Tia unga katika bakuli, weka alama mahali unapofika. Mimina maji polepole ukikoroga. Unga utashuka kwanza, halafu utapanda. Ukifika tena kwenye alama, acha. Utandaze juu ya mkeka, unene usipite sentimeta 1. Uache saa 2 juani, au saa 5 kivulini. Kisha songa bugali siku ileile. Wamama wa kijiji cha Kay Kalenge, katika Popokabaka, walifundishwa njia hii mwaka wa 2010, na mwaka wa 2011 hakuna mtu mpya aliyepatwa na konzo pale.

3. Sombe uitwange vizuri na kuipika sana.

4. Mtoto akiacha ziwa, usimpe bugali na sombe tu. Mpe maharagi, ndagala iliyosagwa, au yai. Yai la kuku wako lisiende soko lote.

5. Tumia chumvi yenye ayodini. Sumu ya muhogo, hata ikisha kushindwa na mwili, inazuia ayodini, na shingo inaota tezi.

MASWALI YA KUZUNGUMZA

Nyumbani kwako muhogo unalowekwa siku ngapi? Juzi mtoto wako alikula nini pamoja na bugali? Ni nani katika kijiji ambaye hakuja kliniki leo, nawe utamwambia?

Mungu akubariki katika kazi ya jiko lako. Kazi hiyo inalinda miguu ya watoto.