Farasi wa Commentry na Somo la Mwaka wa Kwanza

Asubuhi moja ya mwaka 1861, katika mgodi wa makaa ya mawe wa Commentry, katikati ya Ufaransa, farasi aliyekuwa akifanya kazi chini ya ardhi alivunjika mguu. Mhandisi kijana wa miaka kama 20, Henri Fayol, aliandika hati ya kuomba farasi mwingine. Mtunza zizi akaikataa. Hati haikuwa na sahihi ya mkurugenzi, na yeye alikuwa ameamriwa asitoe farasi bila sahihi hiyo. Mkurugenzi mwenyewe hakuwapo, na hakuacha mtu wa kukaimu nafasi yake. Fayol alisihi, mtunza zizi akashikilia lake, na uzalishaji wa siku ile katika sehemu ile ya mgodi ukapotea.

Fayol aliliandika tukio hilo katika kumbukumbu zake, pamoja na fundisho alilolipata: mamlaka hayapaswi kukosa mwakilishi hata siku moja. Kinachofanya kisa hiki kiwe cha thamani ni kwamba hakina mkosaji wa kunyooshewa kidole. Mtunza zizi alitii amri. Mhandisi aliwahi kuomba. Mkurugenzi ana haki ya kusafiri. Kilichokosekana ni mstari mmoja kwenye karatasi, unaosema nani atatia sahihi mkuu asipokuwapo. Kila mtu aliyewahi kufika dukani Kariakoo au kwenye ofisi ya wilaya akaambiwa "mwenyewe hayupo, njoo kesho" anaijua hasara hiyo, ingawa hajawahi kuona mgodi.

Hapo ndipo lilipoanzia somo ambalo leo karibu kila mwanafunzi wa biashara hukutana nalo katika muhula wake wa kwanza: Kanuni za Menejimenti. Mwaka 1888 kampuni ya Commentry-Fourchambault ilikuwa inakaribia kufilisika, na Fayol ndiye aliyekabidhiwa ukurugenzi mkuu. Alipostaafu mwaka 1918 kampuni ilikuwa imesimama imara. Yeye mwenyewe alisisitiza kwamba mafanikio hayo yalitokana na namna kazi ilivyoendeshwa, na kwamba maarifa ya kuendesha kazi yanaweza kuelezwa na kufundishwa kama hesabu au kemia. Alilalamika kwamba vyuo vya uhandisi vya Ufaransa vilimjaza kijana hisabati halafu vikamwachia mamia ya watu wa kuwasimamia bila kumfundisha lolote kuhusu kusimamia. Kitabu chake kilitoka mwaka 1916. Ndani yake mna kazi tano za msimamizi (kutazama mbele na kupanga, kuunda muundo wa kazi, kuamuru, kuratibu na kudhibiti) pamoja na kanuni 14, zikiwemo mgawanyo wa kazi, kila mtu kupokea amri kutoka kwa mkuu mmoja, ujira wa haki, na watu kudumu katika nafasi zao muda wa kutosha kuizoea kazi.

Kutoka kwa Fayol hadi kwenye ubao wa darasani njia ilikuwa ndefu kiasi. Mwaka 1955 Harold Koontz na Cyril O'Donnell, wahadhiri wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, walitoa kitabu cha kiada kilichozipanga sura zake kwa kufuata kazi za msimamizi, na mpangilio huo ukasambaa duniani. Chuo cha Elimu ya Biashara kilipofunguliwa Dar es Salaam mwaka 1965, nchi changa ikihitaji haraka watu wa kushika biashara na maduka yake, mpangilio huo ulikuwa umeshakuwa wa kawaida. Hadi sasa mhadhara wa kwanza katika vyuo vingi vya Afrika Mashariki huanza na mambo manne yanayoandikwa ubaoni: kupanga, kuandaa, kuongoza, kudhibiti. Mwanafunzi huyanakili, huyakariri na kuyajibu kwenye mtihani. Fayol anayemfikia ni orodha ya kanuni 14. Kisa cha farasi hakimfikii.

Huo ni upungufu mkubwa. Kanuni hizi hazikushuka kutoka mbinguni. Kila moja ilizaliwa mahali ambapo kazi ilikwama, watu wakagombana, mali ikapotea. Ukiifundisha kanuni bila mkwamo wake, unamnyima mwanafunzi kitu pekee ambacho kingemwezesha kuitambua siku atakapokutana nayo akiwa meneja.

Frederick Taylor ni mfano mzuri, kwa kuwa sura yake katika vitabu vya kiada huwa safi mno. Mhandisi huyu Mmarekani, aliyezaliwa Philadelphia mwaka 1856, anatajwa kama baba wa usimamizi wa kisayansi, na kisa kinachosimuliwa daima ni cha wapakiaji wa chuma ghafi katika kampuni ya Bethlehem Steel mwaka 1899. Kila kipande cha chuma kilikuwa na uzito wa takriban kilo 42. Mtu alikiinua, akapanda nacho ubao ulioinama, akakitupa ndani ya behewa, akarudi kuchukua kingine. Wastani ulikuwa tani 12 na nusu kwa mtu kwa siku. Taylor alimchukua mfanyakazi mmoja aliyempa jina la Schmidt, akamwekea msimamizi wa kumwambia lini ainue, lini atembee, lini apumzike. Kwa maelezo ya Taylor, jioni Schmidt alikuwa amepakia tani 47 na nusu, yaani vipande zaidi ya 1,100. Ujira wake ukapanda kutoka dola 1.15 hadi dola 1.85.

Mwanafunzi apewe kalamu apige hesabu hapohapo darasani. Kazi imekaribia kuwa mara nne. Ujira umepanda kwa asilimia 61 tu. Je, hiyo ni haki? Taylor alikuwa na majibu yake: gharama ya kila tani imeshuka, kampuni imepata, mfanyakazi naye amepata kuliko alivyowahi kupata. Wafanyakazi walikuwa na majibu yao. Mwezi Agosti 1911, mwaka uleule Taylor alipochapisha kitabu chake maarufu, waundaji wa kalibu katika kiwanda cha silaha cha serikali cha Watertown, Massachusetts, waliacha kazi baada ya saa ya kupimia muda kuletwa mbele yao. Mgomo huo ulimfikisha Taylor mbele ya kamati ya Bunge la Marekani, na baadaye Bunge likapiga marufuku fedha za umma kutumika kupima kazi kwa saa katika viwanda vya silaha vya serikali. Tena, wanahistoria waliokuja kupekua kumbukumbu za Bethlehem walionyesha kwamba Taylor aliipamba hadithi ya Schmidt. Yote hayo ni sehemu ya somo, na mwanafunzi anayeyajua atamwelewa Taylor vizuri zaidi kuliko aliyekariri kanuni nne za usimamizi wa kisayansi.

Majaribio ya Hawthorne nayo yanahitaji kutazamwa kwa jicho hilohilo. Yalifanyika kati ya mwaka 1924 na 1932 katika kiwanda cha vifaa vya simu cha Western Electric, karibu na Chicago. Vitabu husema mwanga ulipoongezwa uzalishaji ulipanda, ulipopunguzwa ukapanda pia, ikawa ushahidi kwamba mtu akijaliwa huongeza bidii. Takwimu za mwanga zilipochambuliwa upya miaka mingi baadaye, athari hiyo ilionekana hafifu kuliko inavyosimuliwa. Na katika chumba cha majaribio ambako kikundi kidogo cha wanawake kiliunganisha vipuri vya simu, wawili kati yao waliondolewa mwanzoni mwa mwaka 1928 kwa kuzungumza sana na kutotoa ushirikiano, nafasi zao zikashikwa na wengine waliokuwa hodari. Jambo hilo linabadilisha kabisa namna ya kuyasoma matokeo yanayosifiwa kuwa ya upendo na kujaliwa.

Sasa, mwanafunzi wa Dodoma au Mwanza ana haki ya kuuliza kama historia ya menejimenti ilitokea Ufaransa na Marekani peke yake. Haikutokea huko tu. Tanzania ina sura yake nzito, na inashangaza kwamba husomwa zaidi na wanafunzi wa siasa na historia kuliko wa biashara. Mwaka 1970 Rais Julius Nyerere alitoa waraka wa kuanzisha mabaraza ya wafanyakazi katika mashirika ya umma, ili mfanyakazi awe na sauti katika uendeshaji. Februari 1971 chama tawala, TANU, kikatoa Mwongozo, uliowakataza viongozi majivuno na dharau kwa wanaowaongoza. Wafanyakazi waliusoma wakauchukulia kwa uzito wake wote. Katika miaka iliyofuata migomo ilizuka katika viwanda vingi vya Dar es Salaam, na mara nyingi malalamiko hayakuwa ya mshahara kwanza, yalikuwa ya meneja kutukana watu, kubagua, au kutumia mali ya kampuni kama yake. Mwaka 1973 wafanyakazi wa kiwanda cha mpira cha Mount Carmel walikwenda mbali zaidi: waliutoa uongozi wakaendelea kuzalisha wenyewe. Msomi wa sheria Issa Shivji alizichambua harakati hizo katika kitabu chake cha mwaka 1976 kuhusu mapambano ya kitabaka nchini.

Ndani ya sura hiyo mna karibu kila mada ya muhula. Mamlaka yanatoka wapi: kwenye cheo, au kwenye kukubaliwa na wanaoongozwa? Mfanyakazi anayesikilizwa na baraza lakini akatukanwa na msimamizi wake wa zamu ameshirikishwa kweli? Na kundi linaloweza kuendesha mashine bila meneja linahitaji nini ili liweze pia kununua malighafi, kukopa benki na kuuza? Mhadhiri anayetafuta mjadala wa kuamsha darasa hana haja ya kwenda Chicago.

Katika mambo manne ya ubaoni, la nne ndilo linaloangusha biashara nyingi, nalo hufundishwa mwishoni, muhula ukiwa umeishiwa wiki. Kudhibiti maana yake ni kuweka kipimo, kupima kilichotokea, kulinganisha, kisha kurekebisha. Tuseme duka la jumla lilianza mwezi na mifuko 40 ya sukari, likanunua 120, likauza 130. Stoo inapaswa kuwa na mifuko 30. Watu wakiingia kuhesabu wanakuta 26. Mwenye duka wa kawaida atauliza nani kaiba. Aliyesoma atauliza kwanza nani hupokea mzigo kwenye gari, nani huandika kwenye leja, nani hutoa mifuko kwa wateja. Ikiwa mtu ni mmoja kwa kazi zote tatu, mifuko minne inaweza kuwa imeibwa, imeandikwa vibaya, au haikushushwa kabisa kutoka kwenye lori, na hakuna njia ya kujua lipi ni lipi. Kosa liko kwenye muundo wa kazi kabla halijawa kwenye tabia ya mtu.

Kwa kiwango kikubwa zaidi, kukosa udhibiti wa namna hiyo kuliyatesa maduka makubwa ya Kenya. Uchumi, iliyoanzishwa mwaka 1975, ilifungwa Juni 2006, ikafunguliwa tena mwaka huohuo, kisha Oktoba 2015 ikafunga matawi yake yote ya Tanzania na Uganda. Nakumatt ilianza na magodoro mjini Nakuru ikakua hadi kuwa na matawi zaidi ya 60 katika nchi nne. Mwaka 2014 ilinunua maduka ya Shoprite nchini Tanzania. Kufikia mwaka 2017 rafu zake zilikuwa tupu, wasambazaji wamegoma kuleta mali, wenye majengo wakidai kodi. Januari 2018 iliwekwa chini ya msimamizi wa mahakama, na Januari 2020 wanaoidai wakakubali ifungwe. Supamaketi huuza kwa pesa taslimu leo, ikamlipa msambazaji baada ya wiki au miezi. Pesa hiyo ikikaa kwenye akaunti huonekana kama ni ya duka, kumbe ni deni. Ikifungulia tawi jipya, na tawi lile lisiuze kama ilivyopangwa, siku ya kumlipa msambazaji inafika na pesa haipo. Kwa hiyo meneja anahitaji taarifa inayomtenganishia kila wiki kilicho chake na kilicho cha watu, na ujasiri wa kusimamisha upanuzi taarifa hiyo inapobadilika.

Mwanafunzi anapotoka darasani na hayo yote, bado kuna jambo moja ambalo vitabu vya kiada havimwandalii vya kutosha. Henry Mintzberg, mtafiti wa Kanada, aliwafuatilia wakurugenzi watano wa Marekani, kila mmoja kwa wiki nzima, akiandika kila walichokifanya. Katika kitabu alichokitoa mwaka 1973 alionyesha kwamba nusu ya shughuli zao hazikufikisha dakika tisa. Hapakuwa na saa ya kupanga ikifuatiwa na saa ya kudhibiti. Palikuwa na simu, mgeni mlangoni, barua, kikao, simu tena, na ndani ya vipande hivyo vidogo ndimo kupanga, kuongoza na kudhibiti vilikuwa vikifanyika.

Zoezi la kumfuatilia meneja namna hiyo halihitaji fedha wala maabara, na lingefaa kuwa kazi ya lazima kwa kila anayekwenda mafunzo kwa vitendo. Mwanafunzi aketi karibu na meneja wa duka la vifaa vya ujenzi, wa kituo cha mabasi au wa chama cha ushirika cha kahawa, kuanzia kufungua hadi kufunga, na daftari lenye safu nne: saa, tukio, aliyelileta, na lilivyoamuliwa. Kila uamuzi uliosubiri kwa sababu mtu fulani hakuwapo uwekewe alama ya wino mwekundu, na pembeni yake iandikwe kiasi cha mauzo au muda uliopotea. Wanafunzi wakirudi chuoni, madaftari yafunguliwe mezani yote pamoja, na mhadhara wa kanuni 14 uanzie hapo.