Mbegu, Dawa au Maharagwe: Hesabu ya Shamba Lililoingiwa na MLN

Ugonjwa wa mahindi uitwao MLN (Maize Lethal Necrosis) ulionekana Kenya kwa mara ya kwanza Septemba 2011, huko Bomet. Kufikia 2014 ulikuwa umeshafika Tanzania, Uganda, Rwanda, Kongo na Ethiopia. Chanzo chake ni virusi vya aina mbili vinavyokutana kwenye mmea mmoja: MCMV na, mara nyingi, SCMV ya miwa. Aina moja ikiwa peke yake, mahindi hujikongoja. Zikikutana mapema, ekari nzima inaweza kukosa hata debe.

Pesa inayopotea kwanza ni ya mbolea. Majani yakigeuka manjano, mkulima hukimbilia mbolea ya CAN na kuimwaga kwenye mmea unaokufa. Kagua kwanza. Upungufu wa naitrojeni huanzia majani ya chini yaliyozeeka. MLN huanzia majani machanga: madoadoa ya manjano hupanda kutoka chini ya jani kuelekea nchani, kisha kingo zinakauka. Hindi nalo linakauka maganda wakati mmea ungali wa kijani, na ukilimenya unakuta punje chache zilizosinyaa.

Pesa ya pili hupotea kwenye dawa ya kupuliza. Hakuna dawa inayotibu virusi. Unachoua ni wadudu wanaovisambaza, yaani vithiripi na vidukari. Vithiripi hujificha ndani kabisa ya moyo wa mmea, na wengine huja tena kutoka kwa jirani, kwa hiyo inabidi urudie kupuliza, na kila safari ulipe dawa na kibarua. Kwa maoni yangu, hapa ndipo mkulima mdogo anapopata kidogo kuliko kote kwa pesa yake. Mbegu iliyopakwa dawa inasaidia zaidi, kwa sababu hulinda mche wiki zake za mwanzo, ambapo maambukizi huuma zaidi.

Tatu, mbegu inayostahimili. Uganda wana Bazooka, Kenya kuna H12ML na H13ML. Hesabu yake ifanye kwa magunia, maana shilingi hubadilika kila msimu. Tuseme ekari yako hutoa magunia 15, na kwamba kilo 10 za mbegu hiyo zinakugharimu nusu gunia zaidi ya mbegu uliyoizoea. Ugonjwa ukila theluthi tu ya mavuno, umepoteza magunia matano. Kuokoa nusu gunia dukani kisha kupoteza matano shambani ni hasara ambayo familia haistahili kuibeba. Lakini kustahimili si kinga kamili. Ukiipanda pembeni mwa shamba la jirani linalonyauka, itaumia pia.

Ndiyo maana kwa shamba lililougua msimu uliopita napendekeza maharagwe, viazi au mboga kwanza. Virusi hivi huhitaji mmea wa jamii ya nyasi ulio hai ili kuzaliana, hivyo mtama, wimbi na miwa havifai kuwa zamu ya mahindi. Maharagwe huhitaji mtaji mdogo. Mbegu ya viazi ni ghali na nzito kusafirisha. Gharama halisi ni unga: msimu huo utaununua. Aliyekodi shamba kwa msimu mmoja ndiye anayebanwa zaidi, na simlaumu akichagua mbegu stahimilivu badala yake.

Ikiwa shida yako ni ugonjwa wa milia tu, ule wa mistari myembamba ya njano iliyopauka kufuata urefu wa jani, usilipie zaidi ya unachohitaji. Tanzania, mbegu kama Staha na TMV-1 huvumilia ugonjwa huo, na kwa kuwa si chotara unaweza kuchagua mahindi bora na kuyapanda tena. Usifanye hivyo kwa shamba lenye MLN, kwani MCMV husafiri pia ndani ya mbegu, japo kwa kiasi kidogo.

Ukinunua Kenya, kwangua stika ya KEPHIS, shirika la serikali linalokagua mbegu, kwenye pakiti na utume namba yake kwa 1393 ukiwa bado dukani. Jibu likikataa mbegu hiyo, irudishe kabla hujalipa.